Unene si dhambi, lakini mwili ni amana

SIKU moja katika madrasa hapa Sombetini nilikuwa nafundisha habari ya israfu. Nikataja katazo la Qur'an (7:31) la kupita kiasi katika kula na kunywa. Kijana mmoja akamnyooshea kidole mwenzake mnene: "Ustaadhi, huyu hapa." Darasa zima likacheka. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka. Yule mtoto hakuonekana wiki mbili. Nilipokwenda kwao kumtaka radhi, mama yake akaniuliza: "Ustaadhi, kwani unene ni dhambi?"

Jibu ni hapana. Dhambi ni kitendo cha mtu mwenye hiari, na kilo si kitendo. Wapo waliorithi unene kwa wazazi, wapo walionenepa kwa maradhi au kwa dawa. Na yupo mwembamba anayekula kwa pupa kuliko wote na haongezeki hata kidogo. Huwezi kumjua mwenye israfu kwa kumtazama tumbo. Waliokosea siku ile ni sisi tuliocheka, kwani Suratul Hujurat (49:11) imetukataza kudharauliana. Maswahaba walipocheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud (r.a), Mtume (s.a.w) aliwaambia kuwa katika Mizani miguu hiyo ni mizito kuliko mlima Uhud.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusikimbilie upande wa pili. Kwetu kitambi kimekuwa cheti cha mafanikio. Mtu akinenepa tunasema mambo yake mazuri, akikonda tunanong'ona. Gonjwa la UKIMWI lilitutia hofu ya kukonda, na hofu hiyo haijatutoka. Wakati huo huo maisha yamebadilika. Wazee waliteremka kutoka Meru hadi sokoni kwa miguu. Sisi kutoka Sombetini hadi soko la Kilombero tunapanda bodaboda. Wao walikula makande na loshoro, sisi chipsi mayai na soda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 28 wana uzito uliozidi, ilhali waliokonda kupita kiasi ni 10. Na uzito ukizidi, shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo huwa karibu zaidi.

Hapo ndipo tutakapoulizwa. Hatutaulizwa una kilo ngapi, bali amana uliyopewa uliitunzaje. Abdullah bin Amr (r.a) alipozidisha kufunga na kusimama usiku, Mtume (s.a.w) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Basi anayejinyima chakula mpaka akaanguka kwa kutaka wembamba, naye amedhulumu mwili kama anayeushindilia.

Kipimo tunacho. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu akibidi kujaza tumbo, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Je, futari zetu zinafanana na hayo? Mchana tunafunga, magharibi tunalipiza: uji wa sukari, sambusa, chapati, kisha pilau. Idi inatukuta wazito kuliko Shaaban.

Waume nao wasikilize. Bibi Aisha (r.a) alisimulia, katika Abu Daud, kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w) akamshinda. Baadaye aliponenepa wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kwa upole kuwa sasa wamelipana. Hakumwita bonge, alikimbia naye. Wewe unayemcheka mkeo, umewahi kutembea naye japo hadi Ngarenaro? Umempeleka kupima presha na sukari?

Yule mtoto amerudi darasani. Nimewaambia wenzake wote kuwa mwalimu wao alikosea. Somo la israfu tumelianza upya, na safari hii kila mmoja ametakiwa kutazama sahani yake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.