Uso Uliotolewa na Uso Ulionaswa

Zamani sanamu ya hadharani ilikuwa bubu: mtu alisimama mbele yake, akaitazama, kisha akaenda zake. Siku hizi ziko sanaa zenye taa za umeme, kamera na mitambo, zisizokamilika mpaka mpita njia ajitie ndani yake. Twauliza: mpita njia huyo ni mshiriki, au ni malighafi tu?

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 2004, katika bustani ya Millennium mjini Chicago, Marekani, ilifunguliwa chemchemi iitwayo Crown Fountain, kazi ya mchongaji Jaume Plensa wa Barcelona. Ni minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja yapata mita 15 kwenda juu, inayotazamana juu ya kidimbwi chenye maji ya kulowesha nyayo tu. Nyuma ya kioo taa ndogo ndogo huonyesha nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine. Uso hutulia, hufumba macho na kuyafumbua, kisha hubinua midomo, na maji yakafoka kinywani. Watoto huyangojea hapo chini kwa vifijo. (Sisi tuliolelewa na ngoma hatustaajabu sana, ngoma isiyo na waitikiaji ni ngoma gani?)

Nyuso hizo, zipatazo elfu moja, ni za wakazi wa Chicago wenyewe waliokubali kupigwa picha. Lakini mwaka 2006 kamera za ulinzi zilipowekwa juu ya minara ile ile, watu walilalamika, na kabla ya mwaka kwisha zikaondolewa.

Wako watakaosema kamera ni kamera, na uwanjani hakuna faragha. Hatukubali. Aliyeketi mbele ya kamera ya msanii alijua anatoa nini. Mtoto aliyecheza majini hakuulizwa. Tena mwaliko wa kucheza ulikuwa umemwondolea hadhari aliyokuwa nayo barabarani. Hata kama wakuu wa mji hawakukusudia, furaha yake iligeuzwa chambo.

Linabaki swali gumu zaidi. Aliyepigwa picha akiwa kijana sasa ni mtu mzima, na uso wake wa ujana ungali watema maji. Je, ridhaa ya siku moja yamfunga mtu maisha? Sisi twaona kwamba akiuomba uso wake, arudishiwe, hata kama kazi ya msanii itapungukiwa.