Sakafu Mbovu na Ujira wa Fundi

Katika darasa yetu tumeletewa suala ambalo twaona lafaa kuandikwa, kwa kuwa wengi katika miji yetu ya pwani, Mombasa, Malindi na Lamu, hufikwa nalo, na kila mmoja hulikata kwa hasira zake. Mtu amemwajiri fundi amtilie sakafu nyuma ya nyumba, bustanini, apate mahali pa kukalia jioni yeye na jamaa zake. Wamepatana bei, na nusu imetangulizwa. Kazi imekwisha, sakafu yang'ara. Ikaja mvua ya masika. Maji, badala ya kukimbilia bustanini, yakarudi kutuama chini ya ukuta wa nyumba. Vigae ukivigonga vyatoa sauti ya utupu, na ufa umepita kutoka pembe hata pembe. Fundi ataka nusu yake iliyobaki. Je, mwenye nyumba ana haki ya kuizuia?

Kabla ya kujibu yatupasa tuujue ubovu wenyewe, maana si kila ufa ni hiana. Zege hupungua likikauka, na jua letu hulikausha upesi kuliko inavyofaa. Ndiyo sababu fundi ajuaye kazi yake huifunika sakafu kwa magunia yaliyoroweshwa, akainywesha maji asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7 au zaidi. Na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Ufa mwembamba kama unywele waweza kumtokea hata fundi mwema. Ama maji kukimbilia ukutani, hilo halina udhuru. Sakafu ya nje hutakiwa iiname kuelekea mbali na nyumba, kiasi cha sentimita 1 na nusu hivi kwa kila mita 1, na pimamaji na uzi vimo katika kapu la kila fundi kwa kazi hiyo. Vigae kulia kama ngoma ni dalili kwamba saruji haikuenea chini yake. Na ufa mpana, ambao upande wake mmoja umedidimia, wasema kwamba ardhi haikushindiliwa, au mawe ya kifusi yaliyotakiwa chini hayakuwekwa.

Watu hupenda kusema hapa kwamba mafundi wa zamani hawakuwa hivi, na kutuonyesha nyumba za matumbawe na chokaa za Lamu, ambazo nyingine ni za karne ya 18 na hata leo zina watu ndani. Sisi hatulikubali neno hilo lote. Walikuwapo wabovu zamani pia. Kazi zao zimekwisha anguka, ndiyo maana hatuzioni.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimwuliza mbona hakuiweka juu ile iliyorowa, watu wakaiona. Kisha akamtoa mwenye kughushi katika hesabu ya watu wake. Basi kosa halikuwa kuwa na nafaka yenye maji. Kosa lilikuwa kuificha.

Tafakari basi kazi ya sakafu. Muuza nafaka aweza kuigeuza mali yake ili kilicho chini kiwe juu. Fundi wa sakafu hawezi. Kwa tabia ya kazi yake, kila tabaka hufunika lililotangulia: zege hufunika kifusi, vigae hufunika zege, na mwenye nyumba huona ngozi tu. Kwa hivyo yeye hanunui sakafu peke yake; hununua pamoja nayo neno la fundi juu ya vile visivyoonekana. Fundi anyamazaye wakati wa kufunika, hali ajua kwamba chini pana mchanga mtupu, amekwisha kusema uwongo ijapokuwa hakufungua kinywa. Na lau angalimwita mwenye nyumba siku ile akamwambia, "Bwana, mawe hayakutosha, wasemaje?" angalikuwa salama.

Fundi naye ana hoja yake, na si insafu kuipita mbio. Atasema: "Bwana ulinibana bei hata haikubaki nafasi ya kazi njema. Ulitaka sakafu ya elfu kumi kwa elfu sita." Hili ni kweli mara nyingi kuliko wenye nyumba wanavyokiri. Yuko mtu ajuaye vyema kwamba kwa fedha anazotoa haiwezekani kununuliwa saruji ya kutosha, naye hufumba macho, kisha siku ya mvua huyafumbua. Mtu huyo, ikiwa fundi alimweleza waziwazi upungufu utakaokuwapo naye akasema fanya hivyo hivyo, hana dai; amepata alichokikubali. Walakini ikiwa fundi alikubali bei ndogo, akaahidi kazi kamili, kisha akaiba katika tabaka za chini ili apate faida yake, bei haimtetei. Alikuwa na njia ya kukataa.

Jambo hili si geni kwa wanadamu. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zilimlazimisha mjenzi ambaye ukuta wake waelekea kuanguka auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Na katika sharia yetu, mwajiriwa aliyepuuza au aliyekiuka yuko katika dhamana.

Basi jawabu letu ni hili. Ile hadithi ya Bukhari yenye kumtisha mtu aliyemwajiri mfanyakazi asimpe ujira wake, yamtaja aliyekwisha kutimiziwa kazi. Ambaye hakutimiziwa aweza kuzuia, walakini kwa kadiri ya upungufu tu. Kwanza amwite fundi, amwonyeshe, ampe muda wa kutengeneza. Akikataa, walete mafundi wawili wenye kuaminiwa waikague, na wawe watu wasioitumai kazi hiyo, kwani fundi atakaye kazi huiona kazi ya mwenziwe kuwa imeoza siku zote. Gharama watakayoitaja ndiyo itakayokatwa, na kilichobaki ni haki ya fundi. Kuweka sakafu, na kuweka fedha zote, na kumtukana mtu juu yake, hiyo ni dhuluma ya upande wa pili.

Tumeulizwa pia kama yafaa kumtaja fundi huyo kwa watu. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amehesabu mahali 6 ambapo kumsema mtu nyuma yake kumeruhusiwa, na miongoni mwake ni kushtaki dhuluma na kuwatahadharisha watu. Jirani akikuuliza, mwambie uliyoyaona juu ya sakafu yako. Nasaba ya fundi na mambo ya nyumbani kwake hayamo katika ruhusa hiyo.

Wakishindana kabisa, wasiende kwa Kadhi, kwa kuwa Katiba ya 2010 imemwachia ndoa, talaka, mirathi na hali za watu tu. Iko mahakama ya madai madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Limebaki la vibarua, waliobeba mchanga na kukoroga saruji kwa ujira wa siku. Hao hawakuchagua mwinamo wala kupunguza mawe. Mwenye nyumba anapohesabu makato, aanze kwa kuuliza kama wamelipwa. Na ikiwa bado, wapewe chao mbele ya fundi, kwa ridhaa yake, kutoka katika ile nusu iliyobaki, kisha wawili hao wagombanie salio.