Amana ya Chupa Tupu

Miongoni mwa mambo ambayo wanazuoni wa dini zetu wameyapima kwa mizani nzito tangu zama za kale, limo suala la amana: mtu aliyewekewa mali ya mwenziwe afanye nini pale mwenye mali anapotoweka, au njia ya kumfikia inapofungwa, au pale wenye silaha wanapoitwaa nyumba yake na kuketi mlangoni? Suala hilo nililisoma ujanani kama yasomwavyo masuala mengi, kwa kuyahifadhi majibu yake. Wala sikupata kulielewa hata siku niliposimama ndani ya depo moja ya vinywaji mjini Beni, mashariki mwa Kongo, nikitafuta chupa moja ya Vital'O.

Aliyenituma hakunituma. Mwenyeji wangu wa Butembo, mwalimu mstaafu na Mbaptisti wa siku nyingi ambaye hajapata kuonja kileo, alisema tu usiku mmoja, tukiota moto katika ile baridi ya mji ule wa vilima ulio karibu mno na mstari wa Ikweta, kwamba siku ya ndoa yake wageni wanywao bia walikunywa Primus na wale wa kanisani wakanywa Vital'O, na kwamba angependa kuionja tena kabla ya kufa kwake. Kwa asiyekijua, hicho ni kinywaji chekundu, kitamu, cha povu, kimoja katika vile ambavyo Wakongo huviita kwa Kifaransa sucré, kitengenezwacho na Bralima, kampuni ya pombe na soda iliyoasisiwa mwaka 1923 katika mji ambao leo ni Kinshasa, nayo ilikuwa na kiwanda hata Bukavu. Mimi, niliyekula chumvi ya mzee huyo kwa majuma mawili, niliona ni aibu kuondoka bila kumtafutia.

Mjini Butembo sikuipata. Nilizunguka sokoni na madukani asubuhi nzima, nikaonyeshwa soda za kila rangi zilizomo katika chupa za plastiki, zilizovuka mpaka wa Kasindi kutoka Uganda, na kila muuzaji alinijibu kwa upole uleule: "Hapa haiko, Papa, uliza Beni." Nami nilistaajabu, kwa kuwa Butembo ni mji wa wafanyabiashara waliozoea kuagiza shehena kutoka Dubai na China, ilhali Beni ni mji uliojeruhiwa, ambao tangu Oktoba 2014 umekuwa ukizika watu waliouawa kwa mapanga na risasi, basi itakuwaje kilichokosekana kwa tajiri kipatikane kwa mfiwa? Jawabu lake, kama nilivyokuja kufahamu, halikuwa katika utajiri wala katika ufukara. Bidhaa za Bukavu zilikuwa zikija kwa ziwa la Kivu hadi Goma, kisha kwa barabara ya kupitia Rutshuru na Kanyabayonga. Kanyabayonga ilipotekwa na waasi wa M23 Juni 2024, na Goma na Bukavu zikafuata Januari na Februari 2025, mkondo huo ukakatika, na Juni ya mwaka huohuo kampuni ya Heineken, iliyokuwa na hisa kubwa katika Bralima, ikatangaza kwamba imewaondoa wafanyakazi wake Goma na Bukavu kwa kuwa mali yake huko imeshikwa na watu wenye silaha. Butembo iliuza akiba yake upesi, kwani huko ndiko kwenye wanunuzi wengi. Beni ilibakiwa na kidogo kwa sababu moja tu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilikwenda Beni kwa gari la abiria, mwendo wa kilomita hamsini na kitu, tukapita Maboya huku abiria wote wakiwa wamenyamaza. Depo niliyoelekezwa ilikuwa ya mama mmoja wa makamo. Nilipomtajia haja yangu aliniambia zimebaki tatu, kisha akanyoosha mkono mtupu, akaungoja wangu.

"Vidange yako iko wapi, Papa?"

Vidange ni chupa tupu. Ni kanuni ya biashara ya vinywaji Kongo nzima kwamba unachonunua ni kilichomo, wala si chombo chake. Chupa ya kioo ni ya kiwanda, huja imejaa na hurudi tupu, na asiye na tupu ya kubadilisha huacha thamani yake rehani. Nikamwomba anitajie thamani hiyo nilipe.

"Pesa haizae chupa," alisema. "Mbele gari ilikuwa inaleta na kubeba. Sasa gari haiji. Hizi ni za watu."

Akanifunulia turubai. Nyuma yake zilipangwa kreti 41 za chupa tupu, zimefutwa vumbi, na kila chupa ina zile duara mbili nyeupe kiwiliwilini ambazo chupa huzipata kwa kusuguana na wenziwe miaka mingi njiani. Wauza mafuta wa kando ya barabara, wale ambao watu wa huko huwaita Kadhafi, walikwisha kuja kuzitaka wajazie petroli. Wenye mafuta ya mawese walikuja pia, na majirani walimshauri auze, kwani nani atamwuliza? Alinionyesha daftari. Katika ukurasa wa mwisho iliandikwa idadi, na chini yake, kwa wino mwingine: zilivunjika 2. Zilivunjika usiku ambao mtaa mzima ulikimbia risasi, naye aliporudi alihesabu.

Mtu anaweza kusema, na wengi watasema, kwamba huo ni upumbavu: kampuni kubwa hailii kwa ajili ya chupa, na aliyeunyang'anya mji hakuacha risiti. Mimi naona hoja hiyo imelikosea suala tangu shina lake. Amana haisimami juu ya haja ya mwenye mali, bali juu ya mkono wa aliyeipokea. Lau ingesimama juu ya haja, basi mali ya tajiri ingekuwa halali kwa kila mlinzi wake. Torati, katika kitabu cha Kutoka na kile cha Walawi, imeweka sheria ya mali iliyowekwa kwa jirani, na anayeikana kisha akatubu hurudisha na kuongeza sehemu ya tano. Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, wala haikusema wenyewe wakiwa karibu, au wakiwa wema. Na kila mtoto wa chuoni amesimuliwa kwamba Mtume, alipohama Makka mwaka 622 akikimbia watu waliokusudia kumwua, alimwacha Ali nyuma arudishe amana za watu wa mji uleule. Waliomtoa nyumbani kwake walirudishiwa vitu vyao.

Lakini liko jambo jingine, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi. Lugha yetu imeyapokea maneno matatu kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu: amana, imani na amani. Sisi hutumia kila moja mahali pake kana kwamba hayana udugu, tukidhani amani huletwa na majeshi, na imani hukaa misikitini na makanisani, na amana ni habari ya fedha. Mama yule hana la kufanya kuhusu amani ya Beni. Wanajeshi wa mataifa kadhaa wamepita mlangoni kwake na haikuja. Alilonalo ni kuzihesabu chupa. Na kuhesabu chupa za mtu ambaye barabara yake imefungwa maana yake ni kukataa kuamini kwamba barabara imefungwa milele. Ni kuishi na mwenzio wa Bukavu kama jirani, ilhali vita vinakwambia kwamba hakuna tena Bukavu, hakuna jirani, kila mtu ashike alichonacho. Sijui ibada iliyo nzito kuliko hiyo, nami nasema hivi nikiwa nimesali katika nyumba nyingi za ibada.

Nilimweleza habari ya mzee wangu. Alifikiri kitambo, akaichukua chupa moja kati ya zile tatu, akaifuta shingo kwa kitambaa, akaandika daftarini: moja, Butembo. Hakutaka rehani. "Utarudisha, Papa," alisema, wala halikuwa swali.

Mzee aliinywa taratibu, kwa bilauri ndogo, akimpa mkewe mara mbili. Kisha akaiosha chupa mwenyewe, akaikausha juani, akaizungushia kitambaa, nasi tukaikabidhi kwa dereva tumjuaye. Siku ya nne simu ikalia kutoka Beni: chupa imefika, nayo imewekwa katika kreti yake.