Sanduku la Zamani Lililotengenezwa Juzi

Kuzeesha mbao ni kazi ya siku mbili. Unapaka rangi ya kwanza, tuseme bluu, unaiacha ikauke. Unachukua mshumaa, unausugua kwenye kona, kwenye ukingo wa mfuniko na pale mkono unaposhika. Juu yake unapaka nyeupe. Ikikauka unapiga msasa: penye nta, nyeupe inabanduka kirahisi na bluu inachungulia. Ukitaka nyufa, katikati ya rangi hizo mbili unapaka gundi nyeupe ya mbao, na kabla haijakauka sawasawa unapitisha rangi ya maji. Ikikauka inajivuta na kupasuka, kama matope ya bonde la Rufiji maji yakishaondoka. Mwisho unafuta kwa kitambaa chenye kiwi ya viatu ya kahawia, ili uchafu uonekane umekaa miaka.

Haya nilifundishwa na mjomba, fundi seremala, kwenye banda lake kando ya barabara ya Kilwa, hapa Mchukwi. Mbao zenyewe ni paini ya kutoka Mufindi, hata harufu ya utomvu haijaisha.

Kitu alichonisisitizia ni kimoja. "Mjomba," aliniambia, maana naye huniita hivyo hivyo, "usisugue ovyo. Jiulize kwanza nani alikuwa analifungua." Kitu cha kweli hakichakai kila mahali sawa. Sanduku huchakaa pale kidole gumba kinapogusa. Chini huharibiwa na unyevu wa sakafu. Ubavu ulioelekea ukutani hubaki mpya. Kwa hiyo huwezi kulizeesha bila kumbuni mtu: mwanamke mmoja, mkono wa kulia, miaka arobaini ya kutoa na kurudisha khanga.

Sisi tunaopenda kusoma tunaijua kazi hiyo. Mwandishi naye hubuni mikono ambayo haikuwahi kuwapo, akaisugua mpaka tukaiamini. Hatumwiti mwongo. Basi fundi tumwiteje?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa rahisi. Mama mmoja wa Dar aliagiza masanduku mawili kwa ajili ya mgahawa wake. Alijua ni mapya, alitaka yaonekane ya kale, akalipa, akachukua. Yeye na sisi tulikuwa ndani ya hadithi moja, hakuna aliyedhulumiwa.

Tulitengeneza la tatu bila oda, tukaliweka barabarani. Siku mjomba hayupo, gari likasimama. Akashuka kaka mmoja, akapitisha mkono kwenye mfuniko, akauliza, "Fundi, hili ni la lini?"

Nikasema, "La siku nyingi, bosi. Limetoka Delta, kwa wazee."

Akatabasamu. Mama yake, aliniambia, alizaliwa upande wa Nyamisati, sasa ni mzee, haoni vizuri, na anaongea habari za kwao kila siku. Hakupunguza bei hata shilingi. Akanitumia hela kwa simu, akaondoka.

Mjomba aliporudi nilimhesabia fungu lake. Akaniuliza nimeuzaje, nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hiyo kaa nayo wewe," akaendelea kuranda.

Tangu siku ile namfikiria Saleh Omar, mhusika wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, ya mwaka 2001. Alikuwa na duka la fanicha Zanzibar, akiwauzia Wazungu vitu vya zamani. Uzeeni anaingia Uingereza kuomba hifadhi kwa pasi yenye jina la mtu mwingine. Karatasi yake ni ya uongo, lakini kadiri kitabu kinavyosonga anakaa chini na kusimulia yaliyotokea, mbele ya mtu mwenye haki ya kuyasikia. Nikajifunza kwamba swali la msingi siyo kama kitu kimebuniwa. Swali ni utajibu nini pale mtu mwenye haki anapokuuliza.

Msomaji wa riwaya haulizi kama sanduku lilikuwapo kweli. Yule kaka aliuliza. Rangi yangu haikuwa imesema chochote mpaka dakika ile. Aliyedanganya ni mdomo. Na sikumwibia hela tu. Mtu asiyeona vizuri husoma kwa vidole, nami nilimpelekea mama wa watu alama za vidole vya mtu ambaye hakuwahi kuishi, nikamwambia ni wa kwao.

Namba ilikuwa kwenye meseji ya malipo. Baada ya wiki tatu nikapiga. Kabla sijamaliza salamu akasema, "Fundi! Mama kalipenda mno. Anasema bibi yake alikuwa nalo kama hilo hilo, hata pa kushikia ni hapo hapo." Nikasema, "Alhamdulillahi." Nikakata simu. Ukawa uongo wa pili, huu wa kunyamaza.

Kuna atakayeniambia niache, mama anafurahi. Lakini furaha yake ndiyo iliyonifunga: kila siku inapoongezeka, ukweli unazidi kuwa ghali, na anayeupandisha bei ni mimi. Naona wa kuambiwa ni yule kaka, kwa kuwa ndiye aliyeuliza. Akishajua, ataamua mwenyewe la kumwambia mama yake.

Siku hizi kila sanduku tunaloliuza naliandika chini kwa penseli: Mchukwi, na mwaka. Lile halina maandishi. Meseji bado sijaifuta.