Mkono Uliofichwa



Ijumaa moja hapa Riyadh, kijana wetu alituonyesha kitabu cha katuni kiitwacho Masks, kilichoanza kutolewa Marekani mwaka 2012 na kampuni ya Dynamite, mwandishi wake Chris Roberson. Humo wamekutanishwa mashujaa wa zamani wenye kuficha nyuso: Zorro, aliyebuniwa na Johnston McCulley mwaka 1919, The Shadow na The Spider wa miaka ya 1930, na Green Hornet, aliyeanza redioni mwaka 1936, ambaye kwa mujibu wa hadithi zao ni mjukuu wa kaka yake Lone Ranger. Barakoa imerithiwa kama shamba la minazi.

Kisa kinatokea New York mwaka 1938. Chama kimoja kimeshika madaraka, kikatunga sheria za kukandamiza watu, na askari wake wanawaonea raia. Ndipo mashujaa wanaungana. Sisi tuliokulia na gazeti la Sani tulikisoma kwa furaha, hadi kijana akauliza: "Wazee wangu, kama wanatenda haki, kwa nini wanajificha?"

Tulimjibu kwamba adui angewadhuru jamaa zao. Jibu hilo ni kweli, ila halikututosheleza, kwani sisi wenyewe tulikuwa tumeonja mambo mawili.

Mwenzetu mmoja alipofiwa na mama yake Tanga, hakuwa na nauli ya kwenda kuzika. Tulipokuwa tukichangishana, tulikuta bahasha chini ya mlango, ina fedha zilizotosha tiketi, haina jina. Hadi leo hatujui aliyeiweka, wala hatutafuti. Tenda wema uende zako.

Miezi michache baadaye ikaja karatasi chini ya mlango ule ule, nayo haina jina. Ilidai kwamba mweka hazina wetu anakula michango. Hatukuwa na wa kumuuliza ushahidi. Tulinong'ona tu. Mzee wa watu akatukabidhi daftari, akaondoka.

Historia ya kwetu inajua uso uliofichwa wa namna hii. Tarehe 24 Aprili 1954, Waingereza walianza msako wa Operation Anvil mjini Nairobi, na maelfu ya watu wakatiwa kizuizini. Watuhumiwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Watu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, umekwisha. Hukuweza kumwambia kwamba anakosea, au kwamba mna ugomvi wa shamba, kwa sababu hukumjua.

Basi hapa ndipo tunapotofautisha. Mkono unaotoa na ujifiche, maana kujificha kwake kunamhifadhi anayepokea asione aibu. Mkono unaopiga lazima uonyeshe uso, maana aliyepigwa ana haki ya kujibu. Sisi wahandisi twalijua hili kazini: mchoro usio na sahihi haujengwi. Jengo likianguka, lazima awepo wa kuulizwa.

Mtasema: je, mnyonge anayemshitaki mwenye nguvu? Mfanyakazi asiyelipwa mshahara atajitajaje mbele ya bosi wake? Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Huyo na afichwe jina lake. Lakini yuko mtu anayejulikana atakayepokea malalamiko, atakayechunguza, na atakayemsikiliza mshitakiwa. Shahidi aweza kuvaa barakoa, hakimu hawezi. Wale mashujaa wa katuni ni mashahidi, mahakimu na watekelezaji wa hukumu kwa pamoja. Tunawashangilia kwa sababu mwandishi ametuonyesha mapema kwamba hawakosei. Nje ya kitabu hatuna mwandishi wa kutuhakikishia hivyo.

Daftari la mweka hazina tulilikagua. Hesabu ilikuwa sawa hadi riyali ya mwisho. Mwenyewe hakurudi tena barazani, na hatuwezi kumlaumu. Karatasi ile iliandikwa na mtu mmoja, lakini wanong'onaji tulikuwa wengi, na kila mmoja wetu alijificha nyuma ya mwenzake.

Kijana wetu sasa amepata jibu. Lililobaki ni letu wazee. Ijumaa ijayo, baada ya sala, tunakwenda nyumbani kwa mzee yule kumwomba radhi, kila mtu kwa jina lake.