Usiku Simu Inalala Wapi?



Zamani katekista akitaka kujua kama nyumba ina amani aliuliza kama watu wake wanasali pamoja. Siku hizi mimi huongeza swali la pili: usiku simu inalala wapi? Jibu lake hunieleza mengi. Kuna nyumba ambamo simu inalala kati ya mume na mke. Kuna nyingine ambamo inalala chini ya mto wa mtoto wa Gredi ya 4, na wazazi wote wawili wanajua, ila kila mmoja anangoja mwenzake aseme.

Pengine utauliza, mambo ya watoto na simu yameingiaje katika ukurasa wa ndoa? Yameingia kwa mlango mkubwa. Mtoto hajinunulii simu. Yupo mkubwa aliyempa, na mara nyingi yupo mkubwa mwingine aliyenyamaza. Huo unyamavu ndio ninaotaka tuuzungumzie.

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, aya ya 7. Musa anawaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu, na anawatajia nyakati: wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Angalia kwamba hapo hakutaja kuhani wala mwalimu. Alitaja nyakati nne ambazo kila mzazi anazo, awe tajiri au maskini, awe amesoma au hakusoma.

Sisi wa Bura tulikuwa na nyakati hizo hata kabla mapadre hawajafika kujenga misheni hapa katika miaka ya 1890. Jioni watoto waliketi jikoni, nyanya akiponda kimanga huku akisimulia kwa Kidawida, na mtoto aliyesinzia aliamshwa ajibu. Njiani kwenda shambani au mtoni mzazi alimwonyesha mtoto mpaka wa shamba la babu, mti wa dawa, na mahali ndovu walipopita usiku. Kulala kulikuwa na sala yake, na kuamka kulikuwa na salamu. Leo hesabu mwenyewe. Tunaketi, kila mmoja ameinama. Tunatembea, vijana wana nyaya masikioni. Tunalala na mwanga usoni. Tunaamka, na mkono unatafuta simu kabla haujafanya ishara ya msalaba. Nyakati zote nne za Musa zimechukuliwa, na hakuna aliyetunyang'anya. Tulizitoa kidogo kidogo.

Sisemi kwamba simu ni ya shetani. Wako wahubiri wanaosema hivyo, kisha wanataja namba ya kutumia sadaka kwa simu hiyo hiyo. Kwetu Taita simu imeokoa ndoa nyingi. Waume wengi, na sasa wake pia, hufanya kazi Mombasa, Voi au Nairobi, na hurudi mwisho wa mwezi nauli ikipatikana. Bila simu mtoto angeisahau sauti ya baba yake. Ndiyo maana jambo hili ni gumu, na ndiyo maana sipendi kulisikia likihubiriwa kwa hasira.

Nitakupa mfano wa wenzi fulani, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike. Mume anafanya kazi Mombasa. Alimnunulia binti yake wa miaka tisa simu ya kisasa ili aongee naye jioni akitoka kazini. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Baada ya miezi michache mama aliona binti anaamka na macho mekundu, anasinzia darasani, na ukimwita hasikii. Usiku mmoja akamkuta saa sita na nusu anatazama video ambazo mama mwenyewe aliona haya kunisimulia. Akaichukua simu, akaifungia sandukuni. Baba alipopiga hakupata jibu siku tatu. Siku ya nne alimpigia jirani, na neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa, "Umenifichia watoto." Mke akajibu kwamba yeye ndiye anayelea na mume analea kwa bando. Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi haraka. Mume hakuja mwisho wa mwezi ule, wala uliofuata.

Tulipoketi nao hatimaye, mimi pamoja na wasimamizi wa ndoa yao, jambo lilijitokeza ambalo hakuna aliyelitarajia. Mume alimnunulia binti simu kwa sababu simu ya mke haikuwa ikijibiwa jioni. Na haikujibiwa kwa nini? Kwa sababu wakati wa kupika mama alimpa mtoto mdogo wa miaka mitatu aitazame katuni ili atulie, na mdogo huyo kila simu ikiita aliikata ili katuni iendelee. Kumbe ndoa nzima ilikuwa mikononi mwa mtoto wa miaka mitatu.

Msimcheke mama huyo. Ana kuni za kutafuta, maji ya kuchota, ng'ombe wa kufunga, na hana msaidizi. Simu ni yaya asiyedai mshahara. Lakini yaya huyu ana kasoro zake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano: mtoto wa mwaka mmoja na chini yake asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sababu yao ni rahisi kueleweka na mzazi yeyote: mtoto wa umri huo anahitaji kukimbia, kulala vya kutosha, na kuzungumza na mtu anayemjibu. Katuni inasema, lakini haimjibu mtoto.

Wale wenzi walikubaliana hivi. Simu ya binti ikauzwa. Simu ya mama ikawa ya mama, na watoto wakanunuliwa mulika mwizi moja ya kuongea tu, inayokaa juu ya kabati. Baba anapiga saa moja na nusu jioni, anaongea na watoto kwanza, halafu na mkewe wakiwa peke yao. Yule mdogo alilia wiki nzima. Mama aliniambia wiki hiyo ilikuwa ndefu kuliko Kwaresima. Kisha akaanza kumsaidia kuchambua maharagwe, yaani kuyamwaga, lakini yuko karibu na mama.

Sasa tazama Injili ya Luka, sura ya 2, Yesu alipopotea akiwa na miaka kumi na miwili. Maria na Yosefu walitembea safari ya siku nzima wakidhani mtoto yuko na wenzake katika msafara. Walipogundua hayupo, walirudi Yerusalemu wawili. Maria alipompata alimwambia kwamba baba yake na yeye walimtafuta kwa uchungu. Alisema kwa niaba ya wote wawili. Hakusema, "Ngoja baba yako akukute." Wazazi wengi leo tunadhani mtoto yuko katika msafara, kwa kuwa tunamwona ameketi hapo kwenye kochi. Kumbe yuko mbali, pamoja na watu tusiowajua. Na tunapogundua, mmoja anarudi kumtafuta na mwingine anamlaumu.

Basi, kabla hujamwambia mtoto neno lolote, ongea na mwenzako, na mtoto asiwepo. Mkubaliane saa, mkubaliane mahali simu itakapolala. Kisha, baba, hili nakuambia wewe hasa: sheria ianze na dole gumba lako. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika sala ya Malaika wa Bwana tarehe 29 Desemba 2019, siku ya Familia Takatifu, aliuliza familia kama zinaongea, au kama mezani kila mmoja ana simu yake na pana kimya kama cha kanisani wakati wa Misa. Alikumbusha kwamba Yesu, Maria na Yosefu walisali, walifanya kazi na waliongea pamoja. Mwanamume anayekula huku akifuata matokeo ya mpira, na pengine ameweka pesa za karo kwenye mechi hiyo, atamwambiaje mtoto aweke simu chini?

Lakini shule je? Wazazi wengi huniambia kwamba wakimnyima mtoto simu atabaki nyuma. Tusidharau hofu hiyo. Serikali yenyewe ilituahidi mwaka 2013 kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa tarakilishi, na kuanzia 2016 vishikwambi zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma nchini. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, masomo yakapitia redio, runinga na simu. Wazazi ambao hawakuwa wamewaza kumpa mtoto simu walimpa. Shule zikafunguliwa kwa awamu, na kwa watoto wote Januari 2021. Watoto walirudi shuleni. Simu haikurudi kwa mwenyewe.

Sasa kazi nyingi za mtaala mpya huja kwa WhatsApp: tafuta picha, chapisha, mpige mtoto picha akifagia uwanja, utume. Mama wa kijijini anatoka Bura kwenda Mwatate kuchapisha karatasi mbili, na mtoto akiwa na simu "ya kazi ya shule" dakika kumi ni za kazi na saa mbili ni za mambo mengine.

Je, vifaa peke yake vinamfanya mtoto ajue zaidi? Julai 2023 UNESCO ilitoa ripoti yake kuhusu teknolojia katika elimu. Humo wameeleza kuwa nchi ya Peru iligawa tarakilishi zaidi ya milioni moja bila kuziingiza katika ufundishaji, na matokeo ya watoto hayakupanda. Ufaransa ilikataza simu kwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za chini mwaka 2018. Uswidi, nchi tajiri iliyotangulia kujaza madarasa vifaa, mwaka 2023 iliamua kutenga fedha za kununua tena vitabu vya karatasi. Wenye uwezo wanarudi kwenye kitabu, na sisi tunauza mbuzi tununue simu! Mtoto atajifunza tarakilishi, na ajifunze, lakini shuleni, mwalimu akiwa mbele yake, kwa kipindi chenye mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo nendeni shuleni, baba na mama pamoja ikiwezekana, siku ya mkutano wa wazazi. Msiende kugombana na mwalimu; naye anasukumwa kutoka juu. Mwombeni mambo mawili tu: kazi ya nyumbani iandikwe daftarini, na palipo lazima picha, ichorwe kwa mkono au ikatwe kutoka gazeti kuukuu. Mzazi mmoja akisema hivyo ataonekana mkaidi au maskini. Wakisema ishirini, ni uamuzi wa wazazi.

Hapa ndipo ninapoona kazi ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Nyumba moja haiwezi peke yake. Ukimfungia wako simu, atakwenda kwa jirani, au atasimama dirishani kwenye kibanda cha video pale sokoni mpaka saa nne usiku, pamoja na wanaume wazima wanaotukana refa. Mei 2023 huko Ayalandi, katika mji wa Greystones na jirani yake Delgany, vyama vya wazazi vya shule nane za msingi vilikubaliana kwa hiari kwamba hakuna mtoto atakayepewa simu ya kisasa hadi aingie sekondari. Hawakungoja sheria ya bunge. Hawakuweka faini. Walichopata ni kwamba mtoto hawezi tena kulia akisema, "Wenzangu wote wanazo."

Jumuiya ya nyumba kumi na tano inaweza kufanya hivyo katika mkutano mmoja, baada ya kusoma Injili. Umri wa kumpa mtoto simu uamuliwe na wazazi wenyewe, mimi siwapangii. Ila kabla ya kupitisha neno, mtazameni yule mama mjane anayeuza mboga kando ya barabara na kurudi saa moja jioni. Kwake simu ndiyo inayowafungia watoto ndani wasizurure. Mkimwambia aiondoe bila kumuuliza watoto watakaa kwa nani kuanzia saa kumi, mmemwongezea mzigo. Aulizwe kwanza, na nyumba zitakazowapokea watoto wake, Jumatatu kwa nani na Jumanne kwa nani, ziandikwe katika daftari la Jumuiya siku hiyo hiyo.