Aliye Juu Humwona Aliye Duarani

JUMATANO

Mafungu ya leo: Zaburi 113:4–8, Mwanzo 11:1–9, Kutoka 1:14, 3:7, 8, Zaburi 139:7–12, Yohana 5:28, 29.

Tarehe 16 Novemba 2018, mwanaanga Mjerumani Alexander Gerst alikuwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, yapata kilometa 400 juu ya dunia. Siku hiyo roketi ilirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, ikiwapelekea mizigo waliokuwa kituoni. Watu wengine hutazama roketi kwa kuinua macho. Yeye aliitazama kwa kuinamisha macho. Picha zilizopigwa kutoka kituoni zinaonyesha nukta ya mwanga ikitokea chini, ikipanda, na vipande vilivyomaliza kazi vikiachwa na kuanguka. Chombo kinachotikisa ardhi kwa walio karibu nacho kilionekana kama cheche. Na wale waliokirusha hawakuonekana kabisa.

Ndivyo ulivyo urefu wa kwenda juu kwa mwanadamu. Satelaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ilitambua mamia ya vyanzo vya mionzi ya eksirei vilivyo mbali sana angani. Lakini haikuundwa kumwona mvuvi aliyekuwa chini yake. Kadiri tunavyopanda, ndivyo tunavyoona vingi vya mbali na kuwapoteza watu wa karibu.

Je, Mungu naye yuko hivyo? Soma Zaburi 113:4–8. Mtunga zaburi anamweka Bwana juu ya mataifa yote na juu ya mbingu zenyewe, kisha mara moja anamwonyesha akiinama kumtazama maskini aliye mavumbini. Kwake, kuwa juu si kuwa mbali.

Soma Mwanzo 11:1–9, kisha Kutoka 1:14 na 3:7, 8. Ni jambo gani linalofanana katika visa hivi viwili?

Katika visa vyote viwili kuna matofali, na katika vyote viwili Bwana anashuka. Kule Babeli watu walichoma matofali ili wafike mbinguni na kujifanyia jina. Mnara walioudhani mrefu kupita kiasi ulimfanya Mungu ashuke ndipo autazame! Kule Misri watumwa walifinyanga matofali kwa machozi, wala hawakuwa na jina mbele ya Farao. Mungu aliona mateso yao, akasikia kilio chao, akashuka awaokoe. Kwa wenye kiburi alishuka kuvuruga shauri lao. Kwa walioonewa alishuka kuwatoa.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua maana ya kuwa chini. Oktoba 2015, duara katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, lilititia na kuwafukia wachimbaji. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, wadudu, vyura na maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Mwenzao wa sita alifia humo.

Tusiharakishe kupita kaburi la huyo wa sita. Tukisema Mungu aliwaona watano kwa sababu walitoka, tutamwambia nini mama ambaye mwanawe hakutoka? Zaburi 139 haisemi kwamba kila anayeonekana na Mungu hutolewa kwenye kifusi. Inasema kwamba giza halimfichi mtu asionwe naye, na kwamba hata huko kuzimu Yeye yupo. Naye Yesu, katika Yohana 5:28, 29, aliahidi kwamba wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake na kutoka. Winchi ina mwisho wa kamba yake, lakini hakuna kina ambacho sauti hiyo haitafika. Aliyelala chini ya mwamba hajui siku zinazopita. Atakachosikia kwanza ni Mwokozi akimwita.

Kwa hiyo somo hili linatugusa sisi tulio juu ya ardhi. Yawezekana katika daftari la darasa lako limo jina la kijana aliyekwenda machimboni, na Sabato nyingi zimepita bila mtu kumuuliza. Tunasema, “Huyo amepotelea maduarani,” kana kwamba duara liko mbali na Mungu. Pengine tunaloogopa ni kushuka sisi wenyewe: kufika pale penye vumbi la karasha, kukaa naye juu ya mfuko wa mawe, kumsikiliza kabla ya kumhubiri. Lakini Kristo hakutuokoa kwa kututazama tu kutoka juu. Alikuja.

Tafakari: Ni nani ambaye umekuwa ukimtazama kwa mbali, na juma hili unaweza kumwendea?

Maswali ya Kujadili

1. Mtu anapopata mali, cheo au elimu, ni nini humfanya asiwaone tena wale aliotoka kwao? Wafilipi 2:5–8 inatufundisha nini?

2. Mtamfariji vipi ndugu aliyefiwa machimboni bila kumwahidi jambo ambalo Biblia haikuahidi?

3. Darasa lenu lisome majina yote katika daftari la mahudhurio. Nani hayupo? Nani atakwenda kumwona kabla ya Sabato ijayo?